Vigae vya Kaburi la Baba

Mbooni,
Jumatatu asubuhi.

Kwa ndugu yangu mpendwa Muthama,

Pokea salamu zangu na za Mama kutoka huku mlimani kwenye baridi. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi yangu Beth na watoto, na kwamba joto la Mombasa halijawamaliza. Sisi tuko salama. Mama magoti yanamsumbua lakini bado anasuka vyondo vyake vya mkonge, na ulimi wake haujapungua makali hata kidogo. Mimi pia ni mzima, ingawa usingizi nimeupata kwa shida siku hizi.

Barua hii umeletewa na Ng'ang'a, yule wa duka la Sultan Hamud anayeshuka Mombasa kuchukua mali. Nimemwambia akupe mkononi. Tafadhali isome kwanza peke yako, ukiwa umekaa, kabla hujamsomea Beth. Ukijaribu kunipigia simu utaona haipiti. Nimeizima, na ya Mama pia. Sababu utaikuta mwishoni, kwa hivyo usiruke kurasa kama ulivyokuwa ukifanya na vitabu vya shule.

Ujumbe wako kuhusu vigae tuliupata. Fundi Kisilu alikuja akalipima kaburi la Baba hapa nyuma ya nyumba, akasifu sana rangi uliyochagua, na akasema Desemba atakuwa tayari. Mama alimtazama akipima, akaingia ndani, akafunga mlango. Nilidhani ni uchungu wa mume. Sasa najua ulikuwa uchungu mwingine.

Wewe huwa unanicheka kwamba nimesoma chuo ili nionyeshe watu mawe. Cheka tu, kazi inanilisha. Siku ya soko naanza na wageni pale Matiliku, wanunue ndengu na vyondo na wajifunze kubishana bei na akina mama wasiojua huruma. Kutoka hapo nawapeleka kwenye banda la Baba Mdogo Kimeu, wamwone akichonga bakuli na vijiko. Halafu tunashuka ziwani, Kaloki anawazungusha kwa mashua, na jioni tunapanda huku Mbooni kuangalia maji yote kutoka juu. Wageni wengi wanafikiri ziwa hilo limekuwepo tangu dunia iumbwe. Mimi ndiye huwaambia kwamba ni bwawa, na kwamba chini yake kuna kijiji kinachoitwa Kwa Ndululu, ambapo mimi na wewe tulizaliwa.

Sasa mvua imekosa misimu miwili, na ziwa limerudi nyuma vibaya. Kwanza zilitoka nguzo za shule. Ukafuata msingi wa kanisa, halafu mawe ya kusagia nafaka kwenye viwanja vya watu. Kaloki, ambaye hajawahi kuona kitu asikitafutie jina, aliandika kibao akakisimamisha ukingoni: Kijiji Kilichorudi. Wageni wakaongezeka. Wanapenda kutembea juu ya tope lililokauka na kupasuka, wanapiga picha, wanauliza nani alikuwa akiishi wapi. Nami nikawa nawajibu kwa furaha, bila kujua ninachokichezea.

Mama ndiye aliyeanza kunitia wasiwasi. Kila nikirudi nyumbani alikuwa akiniuliza maji yamefika wapi. Je, ngazi za kanisa zimeonekana? Je, kile kisiki cha mkuyu kwa akina Mutunga? Nikimjibu, chakula hakigusi. Siku nilipomwambia kwamba kisiki kimetoka, aliweka chini kyondo alichokuwa akisuka, akaenda kusimama mlangoni akitazama bondeni. Unajua kutoka kwenye kisiki hicho hadi kwetu ni kuvuka kiwanja tu. Nilimuuliza kama anaumwa. Aliniambia nimwache.

Akaja Mbogo. Huyu ni msanii kutoka Nairobi, mtu mpole, ana ndevu na maswali mengi. Anatengeneza maonyesho ya vitu vilivyotoka ziwani, na alikuwa ameshapewa jiwe la kusagia na akina Mutunga wenyewe. Aliniomba nimletee kundi la wageni Jumamosi, wachore, na yeye apate mtu wa kumwelekeza kwenye viwanja ambavyo havijaguswa. Nikamwahidi kiwanja chetu. Niliona ni heshima, kwamba jina la Baba litatajwa kwenye maonyesho.

Nilipomwambia Mama, alinishika mkono kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo. Aliniambia nisipeleke mtu pale, nifute safari. Nikamuuliza kwa nini. Alirudia tu kwamba nifute. Nikamwambia watu wanatoka mbali, jina langu ndilo kazi yangu, siwezi kulivunja bila sababu. Tukakasirikiana, nikalala bila kumuaga.

Jumamosi mambo yalianza kwenda kombo kule bandani. Baba Mdogo Kimeu, ambaye kwa kawaida haongei na wageni ila kwa kichwa, siku hiyo alikataa kutuachilia. Kila kijiko kilikuwa na historia. Alitoa hata vitu vibovu, akaeleza jinsi vilivyoharibika. Nilipomwambia tumechelewa, aliniuliza, bila kunitazama, kama ni lazima twende ziwani leo. Nikamwambia ni lazima. Akakaa chini kama mtu aliyeishiwa pumzi.

Tulipofika ukingoni, Kaloki alikuja mbio kuniambia kwamba Mama yuko huko kwenye tope tangu asubuhi na hataki kutoka. Nikaangalia. Alikuwa amesimama kwenye kiwanja chetu, peku, kyondo begani, na khanga yake ya kanisani kichwani. Mbogo alikuwa ametutangulia na alikuwa mbele yake na jembe. Alikuwa ameona pembe ya simiti ikichomoza kwenye tope, akataka kuisafisha aone ni nini. Kila akisogea, Mama anasogea. Alikuwa amemzuia kwa mwili wake.

Muthama, nilikasirika. Wageni wameshatoa simu, wanampiga picha mama yangu kama kioja cha soko. Nilivua viatu nikamfuata, nikamwambia kwa Kikamba kwamba ananiaibisha, atoke hapo. Hakupandisha sauti. Aliniambia niangalie chini, nisome.

Nikapiga magoti, nikafuta tope kwa mkono. Lilikuwa jina la Baba, Musyimi. Ilikuwa ile simiti uliyomwaga mwenyewe Baba alipokufa, ukaandika jina lake kwa msumari kabla haijakauka, na ile herufi ya mwisho imeinama vilevile. Nikafuta zaidi, mpaka kingo zote nne. Haina ufa. Hakuna mahali ilipovunjwa. Unajua nilichoelewa hapo: Baba hakuwahi kuhamishwa, maana mtu hawezi kutolewa chini ya simiti nzima.

Mama alinieleza palepale, wageni wakitungoja. Tulipoambiwa tupishe bwawa, tuhame na makaburi yetu, moyo wake ulikataa. Alisema kwao mtu akishalazwa hafukuliwi, na hakutaka kuona mume wake akikusanywa kwa sepetu. Lakini siku ilikuwa imeshapangwa, mchungaji ameitwa, na wewe uko njiani na sanduku umeshalitanguliza. Aliogopa kanisa liseme anaabudu wafu, na aliogopa zaidi macho yako. Kwa hivyo yeye na Baba Mdogo Kimeu walikata mgomba, wakaufunga kwenye blanketi ya Baba, wakaulaza kwenye sanduku, wakalipigilia misumari na kulitoa hadi barabarani kabla mimi na wewe hatujafika. Unakumbuka ulivyobeba upande wa mbele kupanda mlima huu? Ulisema Baba amekuwa mzito kuliko alipokuwa mgonjwa. Ulikuwa umebeba mgomba, ndugu yangu. Tuliulilia mgomba, tukauombea, na kila Desemba umekuwa ukiuwekea maua.

Nilisimama nikamwambia Mbogo aweke jembe chini, na wageni nikawaambia hapa ni nyumbani kwa mtu na mwenyewe yumo ndani, kwa hivyo simu zirudi mifukoni. Zilirudi. Mbogo alivua kofia na kumwomba Mama msamaha. Nikadhani tutaondoka. Kumbe Mama alikuwa na lake. Alisema wageni wakishafika kwake hawatoki na njaa, akafungua kyondo, akatoa muthokoi wa mahindi na maharagwe aliokuwa ameupika alfajiri, akamgawia kila mtu kwenye kiganja. Wakala wamesimama kumzunguka Baba. Hakuna aliyecheka. Mama, baada ya siku nyingi za kukataa chakula, naye akala.

Tukalifunika jina kwa tope, mimi na Kaloki, na kibao chake akaking'oa mwenyewe.

Mama aliniomba nikupigie jioni ileile. Alisema wewe ni kifungua mimba, neno ni lako. Ukisema Baba aamshwe apandishwe huku Mbooni, yeye hatakupinga tena, hata kama itamuua. Kwa mchungaji ameshakwenda mwenyewe, jana baada ya ibada, akamwambia yote. Mchungaji akamwombea. Aliyebaki ni wewe tu. Nikamwahidi kwamba nitakupigia.

Sasa nifike pale nilipokuahidi. Wingu lilikuwa limekaa juu ya Mbooni tangu Ijumaa. Nakujua, Muthama. Ningekupigia Jumamosi, Jumapili ungekuwa hapa na vijana na nyundo, unalia na unavunja, na Mama amesimama kando akikubali. Kwa hivyo nilimwambia Mama kwamba simu yako haipatikani. Nilimdanganya. Nilizima zetu zote mbili, nikangoja. Jana jioni mvua ilianza, ikanyesha hadi leo asubuhi, na mto umeshuka umejaa. Kaloki amenipigia kupitia simu ya jirani kuniambia maji yameshapita kisiki cha mkuyu. Ndipo nikachukua kalamu. Nimekuandikia barua, na nimempa Ng'ang'a ambaye ana mizigo ya kupitisha Voi kabla ya kukufikia, ili maji yamfikie Baba kabla yako.

Mama hana kosa katika hili. Neno lilikuwa lako na mimi ndiye nimekunyang'anya, siku hizi hizi, nikijua ninachofanya. Ukitaka kumkasirikia mtu, nipo.

Nisalimie Beth sana, na watoto waambie shangazi yao anawangoja. Desemba njooni nyote. Vigae vilete, Kisilu atavitandika jikoni kwa Mama, sakafu imechimbika. Siku ya kwanza usipande mlima. Shuka ziwani, Kaloki atatuvusha, na akizima injini mahali, ujue ndipo. Mama atakuwa na muthokoi kwenye kyondo.

Simu nitaiwasha Ng'ang'a akirudi.

Ni mimi dada yako,
Wavinya