Kunguni Chumba cha Arubaini

Jumatatu, 6 Oktoba
Siku kumi na mbili hujaligusa daftari hili, mwanamke wewe! Zuhura alikufundisha herufi ili zioze? Haya, andika. Chumba bado nimekitia kufuli. Kunguni wamo kwenye kitanda cha mamangu. Hawana wa kumuuma, watakufa njaa. Zuhura ajifungua mwisho wa mwezi. Mamake hayuko duniani, mjukuu huyu nimemlea mimi. Arubaini yake ya uzazi ni hapa Junda, kwangu.

Jumatano, 8 Oktoba
Nimefungua. Nikatandika shuka nyeupe, nikajilaza adhuhuri niwapime. Wamenila! Mkono wote vivimbe. Njaa yote ile, na wana nguvu kunishinda. Nimelia.

Alhamisi, 9 Oktoba
Nimemwita Riziki, binti wa jirani, anasomea wadudu chuo kikuu. Akamminya mmoja. Damu yangu ya jana, ishakuwa nyeusi. Asema tumboni mna vimeng'enya, ndivyo vinavyoivunja damu ikawa chakula, na kwa kunguni huenda polepole. Akishiba mara moja aweza kukaa miezi.
"Miezi! Mimi nikila muhogo asubuhi, adhuhuri nina njaa."
"Basi ungekuwa kunguni, Nyanya, ungepumzika kupika."
Hana adabu huyu. Nampenda. Asema maji yanayochemka huviharibu vimeng'enya, na kunguni mwenyewe humuua.

Jumamosi, 11 Oktoba
Masufuria manne ya maji moto kwenye viungo vya kitanda. Mbao zimepasuka. Kitanda nilichozaliwa juu yake! Nikajilaza tena. Wawili wamenipanda. Mama mkwe wa Zuhura akiona hata mmoja atamchukua kwake Likoni, na haki anayo. Sina la kufanya. Ya Rabi.

Jumapili, 12 Oktoba
Zuhura amejifungua mapema. Msichana. Nilitaka kunyamaza, nifunike godoro kwa shuka mpya. Nimeshindwa. Mtoto mchanga ana damu kiasi gani? Nikampigia simu: "Chumba kina kunguni. Nenda Likoni." Nikakata. Sijala.

Jumanne, 14 Oktoba
Kitanda nimekichoma uani jana. Godoro pia. Leo Zuhura kaja na mtoto, mama mkwe nyuma yake, kabeba godoro jipya kichwani.
"Wadhani kwangu hawajapata kuingia, bi mkubwa?"
Kalitandika ukumbini mwenyewe. Wamelala, mama na mwana. Mashavu ya mtoto safi.
Ukirudi kwenye daftari hili, mwanamke wewe, kwanza kagua mishono ya godoro. Kisha andika jina la mtoto, kwa herufi kubwa.