IaTabar, Mama Aliyesema Wimbo Ule ni Wake

Mwaka umetimia, Mama, tangu asubuhi ile ulipopanda kutoka shimoni, mchanga umekuganda magotini, ukaondoka na askari. Hadi leo tumepigwa na butwaa. Bintiyo IaVarpin huanza kukuita kutoka jikoni, halafu sauti inamkatikia njiani.

Nani angedhani ni wewe? Kijiji kizima, hapa chini ya mlima Tavurvur, kilikujua kwa woga wako. Ardhi ikitikisika kidogo tu, wewe umeshafika ufukweni. Jogoo wa jirani alikukimbiza mchana kweupe, na mkweo ToUrapal akacheka mpaka akakaa chini. Lakini kwenye mchanga wa moto wa volkano hakuna aliyekufikia. Ulichimba mpaka ukazama mabegani, ukatoa mayai ya ndege wa porini, wanaoyafukia humo yaanguliwe kwa joto, yakiwa mazima. Mgonjwa alipata lake kwanza, yaliyobaki ndiyo yakaenda sokoni.

Vita vilipokuja na Wajapani wakauchukua mji wetu wa Rabaul, mchungaji wetu alikamatwa, kanisa likafanywa ghala la mchele, na kusali kukapigwa marufuku. Wanaume walikaa wakakuna vichwa. Ni wewe uliyewaambia wanawake, "Jamani, si tunainama kuchimba kila siku? Nani atajua tumeinamia nini?" Basi tukawa tunasali humo mashimoni, kila mmoja na shimo lake, wewe ukianzisha wimbo nasi tukifuata chinichini.

IaVarpin alikuonea huruma. "Mama, lakini wewe unatetemeka hivyo!"

"Ndiyo, natetemeka," ukamjibu. "Kwani nani kakwambia nisubiri woga uishe ndiyo nisali? Si nitazeeka nikisubiri?"

Asubuhi ile askari walikuja mashimoni kuuliza majina ya watu wa kila nyumba, wapate wa kuwalimia viazi. Hawakuwa na habari na sala zetu. ToUrapal alitaja jina lake, la mkewe na la mtoto. Kufika kwako akanyamaza, maana kwetu mkwe hatamki jina la mama wa mkewe hata akitishiwa bunduki.

"Na yule mama anaitwa nani?" akauliza mkalimani, mtu wa kisiwa kingine.

"Ni mkwe wangu."

"Jina lake, nimesema!"

"Ni mkwe wangu, bwana."

Wakamzaba kibao, kisha kingine. Wakadhani anaficha mtu. Mkubwa wao akachomoa upanga, na IaVarpin akafungua kinywa akutaje ili amwokoe mumewe, lakini hofu ikamzidi, akajifunika uso kwa mikono. Tulikuwa watu wengi pale na wote tulikufa ganzi.

Kichwa chako kikachomoza. "Mwacheni! Hawezi kunitaja, ni adabu ya kwetu. Mimi naitwa IaTabar. Mnadhani huyu ana ujeuri? Mbona hata kunifukuzia jogoo wa jirani alishindwa?"

Mkalimani akawatafsiria, askari wakaangua kicheko, na upanga ukarudishwa alani. Wakageuka waende zao. Tulishusha pumzi, Mama. Ilikuwa imekwisha.

Ndipo Mama Mkubwa IaKubak, dada yako, alipoanza kuimba. Alikuwa shimo la mwisho, amewapa kisogo, na masikio yake yamekufa miaka mingi. Hakujua kama kuna mgeni yeyote. Aliimba jina la Yesu kwa sauti yote, kama wanavyoimba watu wasiojisikia.

Kicheko kikakatika. "Nani anaimba?"

Mkubwa wa askari akapiga hatua kuelekea kule. Wewe ukatoka shimoni, ukasimama mbele yake. "Ni mimi."

Mkalimani mwenyewe alishtuka. "We mama, una wazimu? Sauti si inatoka kule!"

"Wimbo ni wangu. Mimi ndiye niliyewafundisha. Hawa wengine wanachimba mayai tu, na yule kikongwe hasikii hata radi. Mwambie hivyo. Mwambie ninamwomba Yesu, na jana nilimwombea hata yeye."

Magoti yako yalikuwa yakigongana, sote tuliyaona. Macho hukuyashusha. Walikupeleka nyuma ya ghala, lile lile lililokuwa kanisa letu, tukasikia mlio wa bunduki. Mama Mkubwa hakuusikia. Aliendelea kuimba mpaka ubeti wa mwisho.

Tulipokuzika tulisema sala zimekwisha kijijini hapa. ToUrapal, uso bado umevimba, alisema, "Tusali moyoni tu, inatosha." Kesho yake IaVarpin alishuka mashimoni kuwaambia wanawake warudi nyumbani. Akawakuta wote wameshaingia, wanatetemeka kama wagonjwa wa homa, wanamtazama yeye. Alikusudia kusema nendeni. Kilichomtoka kinywani ni wimbo wako, nao wakaupokea. Ujasiri ule hatujui yeye aliupata wapi. Wako ulitoka kwa Mungu, hilo hatubishani, maana kwako haukuwepo.

Vita vimekwisha sasa, Mama. Kanisa tumerudishiwa, bado linanuka mchele. Jumapili hii tutakuombea humo ndani, tumesimama wima, na atakayetaka kupaza sauti atapaza.

Tunaokukumbuka ni bintiyo IaVarpin. Mkweo ToUrapal, aliyekataa kusoma tangazo hili kanisani kwa sababu lina jina lako. Mjukuu wako IaMinar. Wanawake wote wa mashimoni. Na dada yako IaKubak.

Yeye hajui kusoma, ndiyo maana tumethubutu kuandika haya. Hatujamwambia, na hatutamwambia. Mara kwa mara anatuuliza, "Hivi mdogo wangu, mwoga vile, walimwulia nini?" Tunamwonyesha kwa mikono kwamba ni kwa ajili ya wimbo.

"Wimbo wa nani?" anauliza.

Tunanyoosha kidole kwenye kaburi lako, kama ulivyotaka. Hutatutoka moyoni, Mama, maisha yetu yote.