Ploti Yangu Imo Ndani ya Kompyuta, na Baba Anagawa Shamba

Mpendwa Mama Kanyiva,

Niaje. Naomba msaada wako na naomba haraka, kwa sababu sovea, yule mpima ardhi, anakuja kwetu Kinoo Jumamosi tarehe kumi na tisa kuchimbia bikoni za mipaka, na bikoni zikishaingia ardhini mimi nitakuwa kijana pekee katika boma letu asiye na hata mahali pa kuzika paka. Jina langu usiliweke, na majina mengine nimeyabadilisha, ingawa Mzee, baba yangu, hawezi kufika ukurasa wako, yeye gazeti huanzia matangazo ya vifo na kuishia hapo hapo.

Kwanza ujue unaongea na nani. Shule niliachia kidato cha pili, si kwa ujinga, mimi na karo tulikosana tu, nikashika brashi, na leo ukipita Waiyaki Way kutoka Kangemi hadi Kinoo, kila kibao unachosoma bila kukunja macho ni mkono wangu: bucha, kinyozi, hoteli ya chapati, na vile vibao vya "Ploti hii haiuzwi" ambavyo watu huchomeka kwenye mashamba yao ili matapeli wasiyauze wakati wenye ardhi wako kazini. Hivyo peke yake nimechora sitini.

Sasa mwaka huu, ule waya wa chini ya bahari ulipofika na intaneti ikaanza kukimbia, rafiki yangu Dalmas, anayetunza kompyuta za ofisi moja Kilimani, akanionyesha dunia inayoitwa Elandra. Si mchezo, Mama Kanyiva, tafadhali usiseme mchezo, hilo neno linaniuma. Ni dunia nzima ndani ya kompyuta, watu wa kila nchi wanaingia, kila mmoja na mwili wa kujichagulia, kuna mmoja ana mkia, wanatembea, wanaongea kwa kuandika, wananunua vitu kwa pesa ya huko, na pesa ya huko inabadilishwa inakuwa dola, dola za kweli za kununua unga. Siku ya kwanza nilizunguka nikaona kila mtu amejenga kasri, makasri matupu, dhahabu hadi chooni, na hakuna mtu ndani, nikamwambia Dalmas, "Hawa watu wana njaa ya kibanda." Alicheka mpaka akamwaga chai kwenye kibodi ya bosi.

Nikanunua ploti kwa pesa ya vibao vitatu, pembeni mwa bahari ya huko, nikajenga Kinoo! Mabati yenye kutu, jiko la makaa lenye mahindi yanayotoa moshi, benchi iliyolegea mguu mmoja, na juu ya kila kibanda kibao changu, herufi nyekundu zenye kivuli cha njano. Vibanda kumi na vinne vya kukodisha. Wakaja, Mama Kanyiva, wakaja kama nzige! Bibi mmoja wa Norwei anauza kofia kibanda namba tatu, mwalimu mstaafu wa Kanada anauza viatu vya kuruka, jioni wanakaa kwenye benchi yangu wanapiga domo, wanasema huku kwangu ndiko kuna watu. Halafu kwa sababu mimi ni mtu wa huku, nikaogopa matapeli, nikachomeka kibao kwa Kiingereza changu cha kidato cha pili, kwamba ploti hii haiuzwi. Kesho yake watu wanane wameniandikia wanataka kuinunua, na watano wengine wanataka kununua kibao. Nikawauzia kibao! Sasa nauza vibao vya "haiuzwi" kwa watu ambao hawajawahi kutapeliwa ploti tangu wazaliwe. Dada yake Dalmas yuko Boston, ndiye anayepokea dola na kututumia, na mwezi uliopita, nikishamtolea Dalmas yake, nilibaki na elfu ishirini na sita. Uliza mtu yeyote Kinoo kama fundi wa mawe anaona hiyo.

Shida ilianza nilipomnunulia Mama jiko la gesi. Mzee aliliangalia kama mtu anayeangalia nyoka, akaniuliza mezani, "Hii imetoka wapi?"

Nikajibu kwa kifua, "Baba, nimenunua ploti. Nina wapangaji kumi na wanne."

Akaweka kikombe chini. "Wewe?"

"Mimi."

"Iko wapi?"

"Iko mbele."

"Mbele wapi? Limuru?"

"Mbele ya Limuru, Baba."

"Kuna maji?"

"Inaangalia maji."

"Naivasha!" Mzee akapiga meza, vijiko vikaruka. "Mama, umesikia? Kijana amenunua Naivasha, kando ya ziwa!"

Na mimi, Mungu anisamehe, sikusema ndiyo wala sikusema hapana, nilichukua chapati. Unajua kwa nini? Mzee alisimama akanipa mkono. Mkono, Mama Kanyiva, kama mtu mzima mwenzake. Tangu niache shule alikuwa ananisalimia kwa kidevu. Wewe ungeanza kumweleza mambo ya Elandra hapo?

Basi Jumapili iliyopita baada ya kanisa, wajomba wakiwapo, Mzee akatuita watoto wake watatu, Maina ambaye ni mkubwa, mimi wa katikati, na Jeremy kitinda mimba. Shamba letu ni robo tatu ya ekari, na tangu tukiwa wadogo tulijua kila mmoja ana robo yake. Mzee akasema, "Nazeeka, nataka kugawa nikiwa na macho. Huyu wa katikati amejitafutia. Aliyeshiba hagombanii sahani na ndugu yake mwenye njaa. Robo yake ataikata sovea katikati, nusu ya Maina, nusu ya Jeremy." Wajomba wakapiga makofi. Mama akafuta machozi ya furaha. Na mimi pia nilipiga makofi, sijui mikono ilitumwa na nani.

Na haijaishia hapo. Mama ameambia wamama wenzake wa kanisa, na siku moja baada ya Krismasi wanataka kwenda Naivasha kubariki ploti, wamechanga pesa za gari, wamenunua mche wa parachichi wa kupanda kwa mlango.

Anayejua ukweli nyumbani ni Maina peke yake. Alinifuata siku moja Kilimani, ofisini kwa Dalmas, kuniomba nauli, akaona vibanda vyangu kwenye skrini. Baada ya ule mkutano wa Jumapili akanipata nyuma ya jikoni.

"Landilodi."

"Sema."

"Naivasha kuna joto siku hizi?"

"Maina, usianze."

"Nianze nini? Mimi nakuheshimu. Mtu mwenye wapangaji Norwei!" Akanipangusa vumbi begani ambalo halikuwapo. "Kaa kimya hivyo hivyo, ndugu yangu. Kimya kinakupendeza."

Dalmas naye ana dawa yake. Anasema twende Naivasha mapema, tutafute shamba lililokaa tupu, tuchomeke kibao cha "haiuzwi" chenye jina langu, wamama waje waombe, wapande parachichi yao, warudi nyumbani, mambo yaishe. Kibao nimeshakichora, kiko chini ya kitanda, na nisijisifu, lakini sijawahi kuchora kizuri kama hicho.

Siku zingine nasema wachukue tu, robo ya Kinoo ni nini, ni majani ya ng'ombe na mbu, na mimi mwaka ujao nafungua vibanda arobaini, nitaweka na kinyozi, nitaweka na kituo cha matatu, watu wa Norwei watalipa kusukumwa garini na makanga! Lakini juzi nilipita kwenye robo yenyewe, pale nilipojipimia kwa hatua nikiwa darasa la sita, arobaini huku na arobaini na tano huku, nikachagua na mlango utaangalia wapi, na miguu ikakataa kuondoka.

Nikisema ukweli, Mzee ataona nilimdanganya na Mama ataaibika mbele ya kanisa zima. Nikinyamaza, nabaki tajiri wa hewani. Niambie, Mama Kanyiva, lakini niambie kabla sovea hajafika.

Ni mimi,
Landilodi, Kinoo

Landilodi,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza kwa raha, na sikufichi. Umekuta watu wenye makasri ukawakodishia benchi iliyolegea mguu, na wanakushukuru. Akili hiyo haipatikani kidato cha pili wala cha nne, na mtu yeyote akikuambia unacheza, mwonyeshe jiko la mama yako. Endelea. Fungua hivyo vibanda arobaini.

Mara ya pili niliisoma nikiwa nimevaa miwani, kwa hasira. Sasa keti.

Baba yako hajakuonea. Amegawa kwa haki kabisa kulingana na habari alizopewa, na aliyempa habari hizo ni wewe na chapati yako. Unasema hukusema ndiyo. Mwanangu, mtu akiulizwa kama mtoto ni wake akaanza kula, kijiji kizima kimeshajibiwa.

Halafu hebu nikuulize kama landilodi kwa landilodi, maana nami nina vyumba vyangu viwili Riruta. Hiyo ploti yako ina hati? Wenye Elandra wakiamka kesho wamechoka, wakazima mitambo yao, utaenda kwa chifu gani? Wewe hukununua ardhi. Umelipia mahali pa kufanyia biashara, na biashara ni nzuri, lakini hakuna baba anayepaswa kumnyima mtoto shamba kwa sababu mtoto amepata mahali pazuri pa kuuza. Hilo baba yako hajapata nafasi ya kulipima. Wewe ndiye uliyemnyima.

Hicho kibao cha chini ya kitanda kitoe leo ukipake rangi juu. Nashindwa kuamini ni wewe. Umechora sitini kuwazuia watu wasiguse mashamba ya wenzao, na cha sitini na moja unataka kukitumia kugusa la mtu? Mwenyewe akitokea na askari, watakaokutwa pale ni wamama wa kanisa, na wa mbele yao ni mama yako, ameshika mche wa parachichi.

Maina usigombane naye. Amenyamaza kama ulivyonyamaza, ila kimya chake kinamwongezea shamba na chako kinakupunguzia. Mwambie uso kwa uso kwamba unaenda kusema, ili asikimbie kwa Mzee akajifanya ndiye aliyekufichua.

Kisha anza na mama yako, leo hii Jumatano, mkiwa wawili. Mwombe msamaha bila kueleza mambo ya kompyuta. Awarudishie wenzake michango yao kwa mkono wake mwenyewe, na wewe uongeze pesa ya ule mche kutoka kwa ile elfu ishirini na sita. Parachichi waipande kanisani. Wamama watasema wiki mbili, kisha watapata mwingine wa kusema.

Kesho mchukue Mzee hadi Kilimani. Dalmas amwombe bosi wake ruhusa, aliyemwagiwa chai anastahili kuombwa. Mketishe Mzee mbele ya skrini, mtembeze vibanda vyako kimoja kimoja, msomee vibao, mwonyeshe yule bibi wa Norwei akiuza kofia. Beba karatasi zote za pesa ulizopokea, hata za ile miezi mibaya ambayo hukuniandikia, maana najua ipo. Mtu aliyelea wana watatu Kinoo anaifahamu biashara akiiona, hata kama imevaa nguo za ajabu.

Lakini kabla ya skrini, kabla ya waya wa bahari na Boston, mkiwa bado njiani, mwambie maneno matatu: "Baba, ardhi sina." Ukishayasema, funga mdomo. Atakasirika. Atakuita majina. Huenda akarudi kukusalimia kwa kidevu hadi Pasaka, na hiyo ndiyo bei ya ule mkono uliopewa kwa makosa, ilipe bila kunung'unika. Usimwombe robo yako. Mwache aifikie mwenyewe, mzee aliyeambiwa ukweli hahitaji kusukumwa, na asipoifikia kufikia Ijumaa usiku, ndipo umwombe, mbele ya wajomba waliopiga makofi.

Ukiyasema maneno hayo kabla ya tarehe kumi na tisa, wewe ni kijana aliyejigamba mezani, na Kinoo imejaa vijana kama hao, wote wamegawiwa mashamba. Ukiyasema tarehe ishirini, wewe ni mtoto anayepinga mgao wa baba yake aliye hai, na hapo usiniandikie mimi. Tafuta wakili.

Mama Kanyiva