Maji ya Muhogo

Changamwe, 5 Agosti 1943
Asubuhi ya manyunyu, kusi lavuma.

Dada Kahaso,
Salamu nyingi. Mimi mzima, sijui ninyi na njaa hii. Kache atafika Jumamosi kwa likizo. Usishangae akikusahihisha jikoni. Wasichana ninaowafundisha, wa miaka kumi na mitatu, wamejifunza chakula muhula mzima, na Kache mwanao ndiye wa kwanza darasani. Mwache apike. Nimempa mayai manne. Agawane na mdogo wake Lewa. Hayo ya kwamba msichana akila yai hatazaa, tuyaache.
Mdogo wako,
Agneta

Utange, 15 Agosti

Mdogo wangu,
Twashukuru, tu wazima, ila matumbo. Mwalimu uliyenitumia amefika. Juzi namwaga maji ya mchicha, akaniuliza, "Mama, mbona wamwaga nguvu?" Nikamwambia nguvu ninayo, ya kukuchapa. Tulicheka sote. Yai alikula mbele ya jirani yetu Kafedha, ambaye hajanisemesha tena.
Mahindi yamekwisha. Kesho naenda mjini kungojea ya serikali, huenda nikalala siku mbili. Nyumbani umebaki muhogo, ule mchungu. Kache ataupika.
Dada yako

Utange, 24 Agosti

Agneta,
Lewa tulimzika Alhamisi. Nilirudi nikamkuta hajitambui, ametapika. Alikuwa na miaka sita, wamjua. Kafedha asema ni mayai yako.
Kache hali chochote, leo siku ya tano. Nikimpa uji anafunga mdomo. Neno lake ni moja: "Nguvu yote nilimpa yeye." Silielewi. Wewe ndiwe mjuzi wa vyakula, niambie nimfanyeje, nisizike wawili.
Dada yako

Changamwe, 26 Agosti
Asubuhi kavu, mawingu hayakusogea.

Dada,
Pole haitoshi. Si mayai. Nimefungua daftari langu la masomo. Tarehe 14 Julai nimeandika: "Maji ya kuchemshia chakula yasimwagwe, nguvu imo humo." Sikuandika kuwa ya muhogo mchungu ni sumu. Mimi na wewe tumeyamwaga tangu utotoni kila mama alipopika. Sikudhani mtoto wa kwetu anahitaji kuambiwa. Kache aliyaweka, akampa Lewa kwa kuwa ndiye aliyekuwa mnyonge.
Msomee barua hii, asikie jina langu. Mwambie alitii mwalimu wake. Kisha mpe uji tena.
Kila nikiinjika sufuria nasikia sauti yake akijibu darasani, safi, bila kosa. Jana usingizi ulinichukua saa kumi za alfajiri.
Mdogo wako,
Agneta

Utange, 3 Septemba

Agneta,
Nimemsomea mara mbili. Alilia, kisha akaniomba nichemshe muhogo na kumwaga maji mbele yake, nje, mbali na kuku. Akala kipande. Jana vitatu.
Shuleni harudi kwa sasa. Nawe usije matangani. Najua hukukusudia, nami sijui nitakutazamaje.
Mama yake Lewa