Kura za Mnara wa Kengele Tisa

Kamachumu, Muleba
2 Septemba 2024

Mwanangu Audax,

Huku tumeamka salama, nyasi zina umande na ng'ombe amekwisha kukamuliwa. Wewe je, unaamka vizuri? Kile kifua cha baridi kimekuachia? Asubuhi unakula kitu cha moto? Nijibu hayo kwanza, ndipo uandike mengine.

Goti langu ni lile lile. Usijali.

Picha ya mnara unaoulinda imefika kwenye sanduku la posta la Mama Nalini, yule wa duka la vitambaa Miembeni, Bukoba. Nimeibandika ukutani karibu na dirisha. Sasa nikijinyoosha mchana baada ya kula, nikisinzia kidogo, naingia mle ndani. Ngazi zinazunguka kama konokono, nami napanda na goti haliumi. Juu kabisa kuna zile kengele tisa, na wewe umekaa katikati yake unakula ebitoke, ndizi zetu za kupika, kwa mkono. Nikinyoosha mkono nikuguse, naamka. Siku nyingine mnara wenyewe umehamia kwenye kibanja chetu, umesimama kati ya migomba, ukungu wa ziwa umeufunika hadi shingoni. Watu wanapita wanausalimia. Huko Ureno nako wanausalimia?

Unasema nipokee simu, niache kuandika. Kwenye simu nalia, halafu mtandao unakatika. Kwenye karatasi hata nikilia huoni. Na yule mwalimu wa elimu ya watu wazima hakunifundisha bure.

Kaza, mwanangu. Sisi huku hatuna shida yoyote.

Mama yako


Ureno
30 Septemba 2024

Maawe, mama yangu,

Kifua kimepona. Asubuhi nakunywa uji, naupika mwenyewe, mzito kama wako. Goti hilo lipeleke hospitali, usinifiche.

Mnara hawausalimii, mama, wanaupiga picha tu. Na sasa wanaupigia kura. Kuna shindano la dunia nzima: sehemu thelathini maarufu, watu wachague kumi za juu. Yamo mapiramidi ya Misri, Ukuta wa China, Taj Mahal, na Kilimanjaro yetu imo. Mnara wetu ni mdogo kwao wote, lakini umo. Ukiingia kwenye kumi, wageni watajaa na mkataba wangu utaongezwa miaka miwili. Usipoingia, mwezi wa tatu wanapunguza walinzi, na mimi ndiye niliyekuja mwisho.

Simu moja, kura moja. Unatuma ujumbe wenye namba tu. Mnara ni 17. Mwisho ni tarehe 15 Desemba. Waombe akina mama wa kanisani wanisaidie. Sipendi kuomba, lakini naomba.

Mwanao, Audax


Kamachumu
2 Desemba 2024

Mwanangu Audax,

Barua yako nimeisoma mara tatu, ya tatu nikiwa nimesimama. Tu wazima. Senene wameanguka wengi mwaka huu. Nilikukaangia kopo zima, nikakumbuka hakuna wa kumpa akuletee, nikawala huku nakusema.

Sasa hii kura. Mimi sijasoma, lakini niache niulize. Mlima unagombea nini? Diwani akishindwa anarudi kulima kahawa yake. Mnara ukishindwa utarudi kulima wapi? Na hao wanaopiga kura, wamefika huko kote wakakaa wakaona, au ni kama mtu anayechagua mchumba kwa picha? Vitu vilivyotulia mahali pake miaka na miaka, leo vinapangwa mstari, wewe wa kwanza, wewe wa ishirini. Mimi ningeona aibu kuuambia mlima kwamba umekuwa wa ishirini.

Lakini umesema kazi yako imo humo, nikafunga mdomo. Jumapili baada ya ibada nikawaomba akina mama wabaki na simu zao. Immakulata, mwenyekiti wetu, ndiye aliyeanza. "Mama Audax, Kilimanjaro imo, halafu tupigie kura mnara wa Wazungu? Mlima wetu umetukosea nini?" Vestina akadakia, "Tena mnara wenyewe hauna hata theluji." Wakacheka sana. Nikawaambia, "Mlima una watu nchi nzima. Ule mnara una mtoto wangu tu." Baadaye Immakulata akaifungua simu kwenye pindo la kitenge chake akasema, "Haya, namba ngapi?"

Wote arobaini wametuma 17. Wasiojua kuandika ujumbe niliwaandikia mimi. Hebu fikiria, mimi.

Kesho yake nikaenda Bukoba kumshukuru Mama Nalini kwa sanduku lake. Akanipa chai. Nikamweleza habari ya miaka miwili. Akasema, "Mwanangu Payal pia alisema miaka miwili, Kanada. Huu ni mwaka wa kumi na tisa. Kila Jumapili ananionyesha jiko lake kwenye simu." Nikaishika ile chai hadi ikapoa.

Nami nimetuma yangu. Kaza, mwanangu.

Mama yako


Ureno
20 Januari 2025

Mama,

Shikamoo. Mimi ni mzima, natumaini nanyi pia.

Matokeo yametoka. Mnara umekuwa wa kumi na moja. Kazi yangu inaisha tarehe 31 Machi.

Washukuru akina mama. Bado sijajua nitafanya nini.

Mwanao, Audax


Kamachumu
17 Februari 2025

Audax, mwana wange,

Nakusalimia kwa uoga. Siulizi kama umelala vizuri, maana najua.

Ni mimi. Mnara nimeuangusha mimi.

Siku ile nilipotoka kwa Mama Nalini nilikaa kwenye kibaraza cha duka lake nikaandika 17. Nikaiangalia. Nikaifuta. Nikaandika namba ya Kilimanjaro, nikatuma. Si kwamba naupenda mlima, sijawahi kuuona kwa macho. Nilitaka mlima uchukue nafasi ili wewe ukose. Nimewanyang'anya akina mama arobaini mlima wao kwa machozi yangu, kisha nikaupigia kura peke yangu kwa siri. Zimetoka kumi, mlima ukiwemo, ninyi mkawa wa kumi na moja. Immakulata akiniuliza habari za mnara naangalia viatu.

Na jingine. Ninapokuandikia kaza, hatuna shida, si kweli. Goti halishuki tena bondeni tangu mwezi wa sita, Vestina ndiye ananichotea maji. Kibanja nusu kimekuwa pori, migomba imelala. Lakini usije kwa ajili ya goti wala migomba, hivyo mtu wa kulipwa angeviweza. Ninakutaka wewe, uwepo, nisikie mlango ukisukumwa nijue ni nani.

Siku hizi nikisinzia mchana mnara haupo tena kibanjani. Naona mahali uliposimama tu, nyasi zimelala kwa duara, zina joto, kama alipotoka kulala mnyama mkubwa. Nakaa hapo nangoja, sijui nangoja nini.

Kama umekasirika, kasirika kwa barua. Usininyamazie.

Mama yako aliyekukosea


Ureno
14 Machi 2025

Maawe,

Nimeisoma barua yako juu kabisa, chini ya kengele, zamu ya mchana, hakuna mgeni. Kwanza nilicheka, halafu nikakaa kwenye ngazi.

Mnara ulikosa kwa kura zaidi ya laki mbili. Yako haikuangusha hata kigae kimoja. Na Kilimanjaro ingeingia hata bila wewe, kwa hiyo nenda ukamwambie Immakulata ukweli kabla hajaambiwa na mtu mwingine. Sitaki nifike nikute kesi.

Mimi nami nina la kukuambia. Miaka mitano kila barua yako imeandikwa kaza, nami nikakaza. Mara mbili nilikuwa nimefunga mizigo. Nilizitoa barua zako zote nikatafuta neno moja tu la kuniita, nikakosa. Nikadhani mmekwisha kuzoea nisipokuwepo. Nikafungua mizigo.

Kuna rafiki amenipatia kazi ya kupogoa mizeituni huko kusini. Jana nilimwambia ampe mtu mwingine.

Usijibu barua hii, mama. Itamkuta mtu mwingine kwenye chumba hiki.

Mwanao, Audax