Redio ya Baba Uwanjani Likoni

Jumapili, 8 Desemba 1963

Baba hakufungua duka leo. Tangu Oktoba, ilipotiwa sahihi kwamba Mwambao wetu huu wa Sultani wa Unguja uwe wa Kenya, hana raha. Alisimama mkutanoni akataka tujitenge na Kenya, mtaa mzima ukamsikia. Sasa ati siku ya uhuru watu kama yeye watavunjiwa maduka. Nani kasema? Hakuna ajuaye! Masanduku yamefungwa, tayari kwenda Unguja kwa ami Barakat. Na mimi na darasa ninalofundisha? Sikuulizwa.

Jumatano, 11 Desemba

Alasiri, hodi. Karisa, kuli wa bandarini, mkubwa wa kamati ya sherehe. Nyuma yake wanaume wanne! Baba akanishika mkono.

"Shikamoo, mzee Hamoud."

"Marahaba."

Kumbe shida ni redio! Yetu ndiyo kubwa Likoni nzima. Kesho hati za uhuru zinakabidhiwa Nairobi, na watu watasikia wapi? Wale wanne wamekuja kuibeba, na meza yake.

Nilicheka mpaka machozi. Baba hakucheka. Alisema redio haitoki. Kisha — haitoki bila yeye, wataiharibu.

Alhamisi, 12 Desemba

Bendera imepandishwa usiku huko Nairobi, sisi tumelala. Nimefungua dirisha. Maduka yote mazima, hata kioo kimoja hakikuvunjika! Alhamdulillahi. Mama anapekua masanduku, anatafuta kanzu nzuri ya Baba.

Saa tano, uwanjani. Naandika juu ya goti. Redio mezani ina mawe mapya ya betri, Baba kaketi kando yake, hataki mtu aiguse. Mtangazaji kasema mjumbe wa Malkia amempa Waziri Mkuu hati. Basi! Karatasi, mkono kwa mkono — na vigelegele! Pascalia, mwalimu mwenzangu, kanikumbatia mpaka buibui limenivuka. Sijajisikia mwepesi hivi tangu Oktoba.

Baba kaniita.

"Abee, Baba."

Kauliza: hati hizo zimesemaje juu yetu sisi wa Mwambao? Sijui. Waziri Mkuu ndiyo kwanza anaanza kusema. Baba ameinama, sikio karibu ligusane na redio, na makelele hayapungui. Karisa kapanda juu ya kiti.

"Nyamazeni nyote! Mzee Hamoud anasikiliza!"

Wamenyamaza. Uwanja mzima, kwa ajili ya Baba, yule yule aliyetaka tujitenge.