Kuhusu Lile Gari Jeusi la Kaka Yako

Nyumba ya mwisho,
Juu ya kilima.
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Wifi yangu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na ule mgongo uliokuwa ukikusumbua umetulia. Dawa unameza, au unazitazama tu kabatini kama ulivyokuwa ukifanya hapa? Watoto je, na shemeji, na hiyo kazi yake ya zamu? Baridi imepungua au bado mnavaa makoti ndani ya nyumba? Nijibu moja baada ya jingine, usiniandikie "wote wazima" halafu ukageuza ukurasa. Nakujua wewe.

Sisi hapa tunashukuru. Mama yenu anakula vizuri na anasikia anachotaka kusikia. Binti yetu amepandishwa cheo, sasa ndiye muuguzi mkuu wa wodi ya watoto, na ile sauti ya kutoa amri uliyosema kairithi kwangu hatimaye inamlipa. Mimi bado niko na mapazia yangu. Mwezi uliopita nimemaliza ya ukumbi mzima wa hoteli, madirisha arobaini na mawili, na hakuna pindo lililopishana na jingine hata kwa unene wa uzi. Najisifu mwenyewe kwa sababu kaka yako akisifu kazi husema "si mbaya", basi, yamekwisha.

Sasa nikupe habari ambayo alinikataza nisikuandikie. Juzi ameniruhusu, ila kasema niandike kidogo. Sitaandika kidogo. Kaka yako ana presha ya macho. Alianza kwa kuangusha vikombe vilivyokuwa pembeni ya meza, mara anagonga bega kwenye fremu ya mlango, nami nikamcheka kwamba anazeeka kwa makusudi ili nimhudumie. Daktari wa macho akatueleza kuwa mbele anaona vizuri, lakini pembeni kunazibika polepole, na kilichokwisha kupotea hakirudi. Matone anayotia yanachelewesha tu.

Daktari amemruhusu kuendesha gari, mchana tu, na kila baada ya miezi mitatu anampima upya. Siku atakayosema basi, ni basi. Amekadiria mwaka mmoja, labda na kidogo. Pole kwa kukupa habari hii kwenye karatasi, Wifi. Nimeizungusha kichwani wiki nzima, sikupata njia laini.

Kuendesha kwa kaka yako unakujua. Miaka thelathini na moja amewaendesha wakurugenzi wa kampuni ileile, mabosi tisa wamekuja na kuondoka yeye yupo, na hakuna gari alilolirudisha na mkwaruzo. Muda wote huo alikuwa na neno moja tu: siku atakayostaafu atanunua gari la aina aliyokuwa akiendesha, kadi iwe na jina lake, na ufunguo ulale kwenye mfuko wake. Mimi nilikuwa nikimwitikia kama mtu anavyoitikia redio. Kumbe mwenzangu alikuwa anapanga.

Basi alipostaafu tukaunganisha malipo yake na kile kiwanja changu cha kando ya reli nilichokuwa nimekiuza, tukaingia yadi ya magari kifua mbele. Na kweli lilikuwepo. Refu, jeusi, viti vya ngozi, mlango ukiufunga unatoa mlio mzito kama kabati la watu wenye nazo. Mimi nikatoa futi kamba yangu, nikapima viti, nikageuza mto kutazama mshono kwa ndani. Ulikuwa mshono safi. Yule muuzaji, bwana mmoja mtu mzima mwenye tai fupi, alinitazama kama nimekuja kununua sofa.

Ila muuzaji huyo alikuwa mkweli, Mungu ampe. Alituuliza tunakaa wapi. Tulipomweleza mlima wetu akasema gari hili linasukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake, na kwenye tope litatutoa jasho. Kuna jingine la sura hiihii, lenye kuvuta kwa magurudumu yote manne, litaingia baada ya miezi minane. Akasema kama lingekuwa lake angesubiri.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza, na ndipo tulipokuandikia utoe shauri. Wewe ukajibu tusubiri, kwa sababu mlima unaukumbuka. Hukukosea kwa uliyoyajua, na kwa taarifa yako, tangu uondoke barabara yetu haijaona lami hata ya kulamba. Ile kona ya jiwe kubwa bado iko vilevile, mtaro upande mmoja, jiwe upande mwingine, na mvua ikinyesha udongo unakuwa sabuni.

Kaka yako naye akashikilia kusubiri. Alikaza kamba mpaka nikashangaa. Mtu ambaye kapewa mwaka mmoja wa kuendesha anataka kuutumia miezi minane akingoja? Nilimbembeleza, nikamnunia, nikampikia anachopenda, nikamnunia tena. Wiki sita. Mwishoni uvumilivu ulinishinda, nikamwambia mbele ya mama yake kwamba ameendesha miaka thelathini na moja halafu anaogopa kamlima kenyewe ka nyumbani.

Aliinuka, akaosha sahani yake, akaenda zake. Siku mbili alikuwa akiniambia "asante" na "karibu" tu, kama mpangaji. Mama naye, ambaye ukimwita chakula hasikii, hilo alilisikia lote, na hakunificha kwamba nimevuka mpaka. Nilijua nimekosea, ila nilikuwa sijajua nimekosea wapi.

Hapa inabidi nikukumbushe leseni yangu, maana najua bado unaicheka. Niliipata mwaka jana nikiwa na miaka hamsini na sita, baada ya kuangushwa mara moja kwenye kurudi nyuma. Ninaendesha ile pikapu yetu kuukuu ya kubebea vitambaa, na mjini siogopi mtu. Lakini mlima sijawahi kuupanda na gari. Nikifika chini namwachia kaka yako usukani, au kama hayupo naiegesha kwa Mama Duka, nabeba majora begani napanda kwa miguu. Ndivyo tulivyozoea, hata hatukuwa tukiliona kuwa ni jambo.

Jumatano moja futi kamba yangu haionekani. Nimepindua chumba cha kushonea juu chini, nimemshutumu kila mtu. Natoka nje kutafuta wa kumgombeza, namwona kaka yako chini kwenye kona ya jiwe, amepiga magoti kwenye udongo, na futi kamba yangu ya kazi kainyoosha kutoka kwenye jiwe hadi mtaroni. Pembeni kapanga vijiwe vyeupe, kimoja kimoja, kufuata mahali gurudumu linapotakiwa kupita.

Nilishuka mikono kiunoni, maneno nimeyapanga. Nikamuuliza anapima nini, si amesema hapandi huu mlima bila magurudumu manne?

Akaniambia bila kuinua kichwa, "Mimi hapa napita na gari lolote utakalonipa. Mwakani nani atakuwa anashika usukani?"

Wifi, nilikaa palepale chini na sketi yangu ya kazini. Wiki sita tunavutana, mimi nataka gari sasa kwa ajili ya macho yake, yeye anataka baadaye kwa ajili ya mikono yangu, na hakuna aliyemuuliza mwenzake. Kila mmoja alijiona anajua, akafunga mdomo. Nililia, sikufichi. Kaka yako alinishika bega kwa mkono wenye udongo akaniharibia blauzi.

Nilipomaliza kulia nikamwambia hivi. Gari la magurudumu manne litakuwepo mwakani, na mwaka utakaofuata, watu hawataacha kuyatengeneza. Mwalimu wa kunifundisha mlima huku anauona, huyo mwakani hatakuwepo. Nikamwambia tununue jeusi sasa, aliendeshe mpaka daktari atakaposema basi, na kila siku ya Mungu anifundishe, ili siku hiyo ikifika gari lisikae uani likisubiri dereva. Alikunja futi kamba yangu, akanirudishia. Kisha akasema si mbaya.

Tulilichukua Ijumaa iliyofuata. Kadi ina jina lake, nimeisoma mwenyewe mara tatu. Hakurudi nyumbani moja kwa moja. Alipita kwenye maegesho ya kampuni yake ya zamani, wanakokaa madereva wakisubiri mabosi. Nao wana desturi yao ambayo mimi sikuijua miaka yote hii. Dereva hafutiwi gari na mwenzake, ni mwiko, hata kama mikono imevunjika. Isipokuwa siku mtu akija na gari lake mwenyewe. Siku hiyo kila mmoja huleta kitambaa chake na kufuta sehemu moja.

Walitoka kumi na mmoja. Mmoja alifuta taa, mwingine kioo, mwingine kifuniko cha gurudumu, hakuna aliyesema maneno mengi. Kaka yako alisimama kando na mikono nyuma, hajui atazame wapi. Nimeolewa na mtu huyu miaka thelathini na tatu na nilikuwa sijawahi kumwona amenyooka mgongo namna ile. Niliona fahari.

Tangu siku hiyo kaupanda mlima kila siku, mvua na jua, kama anapanda ngazi ya nyumbani. Mama alikataa kuingia siku za mwanzo, alisema gari liko chini mno, yeye hakai chini kama kuku. Sasa ndiye wa kwanza kuuliza tunaenda wapi.

Nami nimekuwa nikifundishwa. Mwalimu mkali, asikudanganye mtu. Alinipitisha kwenye mlima mkavu kwanza, mara ishirini, mpaka vile vijiwe vyeupe nikawa navisikia kabla sijaviona. Halafu Jumamosi ya wiki iliyopita mvua ikanyesha usiku kucha, na asubuhi akaniletea ufunguo pamoja na chai.

Tulishuka naye anaendesha. Chini tukabadilishana. Mara ya kwanza nilifika nusu ya kona, magurudumu ya nyuma yakazunguka bure, nikarudi chini kinyumenyume. Mara ya pili mkia wa gari ulikwenda upande wa mtaro. Mama Duka alikuwa kaweka kiti nje kabisa anatazama, na wateja wake wamesimama. Mara ya tatu nilizima injini mwenyewe, nikaweka kichwa kwenye usukani nikasema basi, endesha wewe.

Kaka yako akafungua mlango akashuka. Nikajua anakuja upande wangu kunipokea, nikafungua mkanda. Badala yake akafungua mlango wa nyuma, akaingia, akakaa. Akaniambia, "Nyuma kwepesi. Kunataka uzito. Twende."

Nilifunga mkanda nikaliondoa gari. Sikukanyaga mafuta kwa hasira, nililisukuma taratibu kama alivyonielekeza, na safari hii nikasikia magurudumu yanauma udongo. Tukaingia kwenye kona. Jiwe likapita, mtaro ukapita, gari likatikisa kiuno kidogo likanyooka. Nilipofika uani sikuzima injini mara moja.

Nikatazama kwenye kioo. Alikuwa amekaa wima kabisa, mikono kaiweka magotini kama mgeni sebuleni, hajui pa kuegemea. Ndipo nikakumbuka, Wifi, kwamba katika miaka thelathini na moja na mabosi tisa, kaka yako hajawahi hata mara moja kukaa kiti cha nyuma cha gari kama hili. Alikuwa akikifuta kila asubuhi, lakini kukikalia hajawahi. Aliona ninamtazama, akakohoa, akasema, "Dereva, umechelewa dakika mbili."

Nikashuka, nikazunguka, nikamfungulia mlango.

Nimekwisha kukwambia yote. Sasa usilie na wewe, au lia kidogo uendelee na kazi. Lakini ile safari unayoiahirisha kila mwaka, usiiahirishe tena. Njoo kabla mwaka haujaisha, angali anaiona sura yako yote bila kuigeukiageukia. Tutakuja kukupokea kwa gari, na kama siku hiyo nitakuwa ninaendesha mimi, usianze kusali kwa sauti.

Mama anakusalimu na anauliza kwa nini hupigi simu Jumapili. Binti yetu anamsalimu shangazi yake na anasema umeze dawa. Mfikishie shemeji salamu zangu za heshima, na Kitindamimba wako mwambie mjomba wake amemwekea nafasi ya dirishani. Kaka yako kasoma ukurasa huu juu ya bega langu, anasema nimeandika mno.

Mungu akufunike wewe na nyumba yako, akulainishie kila njia utakayoikanyaga, na akulete salama.

Ni mimi nikupendaye, na nikuoneaye fahari kama ninavyomwonea kaka yako,

Wifi yako,
Fundi Mapazia.